Kesi za misumeno ya umeme: kinachoshtakiwa ni mchoro wa mashine

Kila habari inapotoka kwamba fundi fulani nchini Marekani amepoteza vidole kwenye msumeno wa meza kisha akaishtaki kampuni iliyoutengeneza, watu huwa wameshahukumu kabla ya mahakama. Mkono ni wake, swichi kaiwasha mwenyewe, kinga kaitoa mwenyewe, na sasa anadai mamilioni. Mawakili husimangwa, kampuni huonewa huruma, mjadala hufungwa. Kesi hizi zimepata uzito mpya, kwa sababu kanuni ya serikali ya kulazimisha kila msumeno wa meza uwe na breki inayoisimamisha diski inapogusa mwili, iliyotarajiwa kulimaliza suala lenyewe, imekwama baada ya zaidi ya miaka 20 ya vikao, maoni na rasimu, na wasio na pengine pa kwenda wamebaki na mahakama tu. Kwa maoni yangu wengi wanazisoma vibaya. Kesi ya dhima ya bidhaa, yaani ya kumwajibisha mtengenezaji kwa madhara ya alichouza, inahusu uamuzi uliofanywa miaka mingi kabla ya ajali, mbele ya wahandisi na wahasibu: kampuni ilijua nini kuhusu majeraha ya wateja wake, ilikuwa na njia gani nyingine ya kuiunda mashine ile ile, na ni kwa sababu gani haikuifuata. Uangalifu wa fundi siku ya ajali una nafasi yake humo, ila ni nafasi ndogo kuliko tunavyodhani.

Inafaa kukumbuka kwamba sheria hii yenyewe ilizaliwa kwenye karakana. Krismasi ya mwaka 1955, mwanamke mmoja wa California alimnunulia mumewe mashine ya umeme iliyounganisha kazi za msumeno, keekee na kerezo. Miaka miwili baadaye, mume akiwa anachonga kipande cha mti kwa kerezo, kipande kikachomoka na kumgonga kwenye paji la uso. Wataalamu walieleza mahakamani kwamba skrubu za kushikilia sehemu za mashine zilikuwa dhaifu, zikilegea kwa mtikisiko wa kawaida wa kazi. Mtengenezaji, kampuni ya Yuba Power Products, alijitetea kwamba mdai alichelewa kutoa taarifa inayotakiwa na sheria ya dhamana ya mauzo. Mwaka 1963 Mahakama Kuu ya Juu ya California, kwa kalamu ya Jaji Roger Traynor, iliukataa utetezi huo. Mtengenezaji anayeingiza sokoni kitu chenye kasoro, akijua kitatumika bila kukaguliwa upya, anawajibika kwa jeraha linalotokana na kasoro hiyo, iwe kulikuwa na mkataba au hakukuwapo. Mdai akabaki na fidia yake ya dola 65,000. Traynor alikuwa amelisema wazo hilo tangu 1944, katika kesi ya mhudumu wa mgahawa aliyelipukiwa na chupa ya soda, ila wakati ule alilisema peke yake. Baada ya 1963 majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine.

Skrubu dhaifu, lakini, ni jambo jepesi kuamua. Kila mtu anaelewa kwamba skrubu inatakiwa kushika. Msumeno wa meza ni mgumu zaidi kwa sababu hatari yake ndiyo kazi yake. Diski yenye meno inazunguka maelfu ya mara kwa dakika, imechomoza juu ya meza, na fundi anausukuma ubao kuielekea kwa mikono miwili. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani imekadiria kwamba zaidi ya watu 30,000 kwa mwaka hutibiwa kwenye vitengo vya dharura kwa kuguswa na meno ya misumeno ya meza, na kiasi cha 4,000 kati yao hupoteza kidole au sehemu ya mkono. Mwaka 2011 tume hiyo ilikadiria hasara kwa jamii, yaani matibabu, kazi iliyopotea na maumivu, kuwa zaidi ya dola bilioni 2 kila mwaka. Takwimu za namna hiyo hubadilisha swali. Ajali ikitokea mara moja tunatafuta aliyezembea. Ikitokea kwa mpangilio uleule, kwa idadi inayokaribiana, mwaka hadi mwaka, basi mtengenezaji anaweza kuitabiri kama anavyotabiri mauzo yake.

Kwa miongo mingi jibu la kiwanda lilikuwa kinga ya plastiki inayofunika diski, pamoja na onyo lililobandikwa kwenye mashine. Muulize seremala yeyote kuhusu kinga hizo za zamani. Huzuia macho kuona mstari wa kukata, hazipitishi ubao mwembamba, na kuna mikato ambayo haiwezekani kabisa zikiwa mahali pake, kwa mfano kuchimba mfereji usiotoboka ubao. Kwa hiyo hutolewa, na zikishatolewa mara ya kwanza hukaa kwenye kona zikila vumbi. Viwanda vilijua hili. Mabadiliko ya mwaka 2007 kwenye viwango vya usalama, yaliyoleta kinga za vipande vipande zinazovulika kirahisi na bamba la nyuma ya diski linalozuia ubao usirushwe kumrudia fundi, yalikuwa namna ya kukiri kwamba kinga ya awali haikutumika. Yalisaidia. Lakini kinga yoyote inayovulika bado inautegemea mkono uleule unaotakiwa kulindwa.

Mwaka 1999 Steve Gass, wakili wa hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake) mwenye shahada ya uzamivu ya fizikia na mpenzi wa useremala, alifikiria njia nyingine. Diski inapewa ishara ndogo ya umeme. Mti mkavu hauibadilishi ishara hiyo, ila mwili wa binadamu unapitisha umeme, na ngozi ikigusa jino tu ishara inashuka. Papo hapo waya mwembamba unaunguzwa, springi inaachiwa, kipande cha aluminiamu kinatupwa kwenye meno na diski inasimama ndani ya takriban milisekunde 5 huku ikizama chini ya meza. Mahali pa kupoteza kidole, unabaki na mkwaruzo. Gass alionyesha kazi yake kwa soseji, na baadaye kwa kidole chake mwenyewe, jambo ambalo simshauri mtu alijaribu hata kama ana shahada ngapi za fizikia. Akaenda kwa kampuni kubwa kuwauzia leseni. Mazungumzo na Ryobi yalifika mbali kuliko mengine, lakini hakuna leseni iliyokamilika. Basi yeye na wenzake wakaanzisha kampuni yao, SawStop, na kuanza kuuza misumeno yao mwaka 2004. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameiomba tume ya usalama ilazimishe kila msumeno wa meza uwe na kinga ya aina hiyo.

Kampuni zilikataa kwa nini? Gass amedai hadharani kwamba hofu kubwa ilikuwa ya kisheria: kampuni ikikubali kwamba diski inaweza kusimama, kila msumeno wake wa zamani unaonekana una kasoro. Kampuni husema sababu zilikuwa za biashara na uhandisi, yaani bei ya leseni, uzito, breki kufyatuka bila sababu kwenye mti mbichi, na teknolojia isiyothibitishwa. Sina haja ya kuamua nani mkweli. Tofauti ya maelezo hayo mawili ndiyo hasa inayopimwa na kesi hizi, na haipimwi kwingine kokote kwa ukali ule. Katika kesi ya madai nchini Marekani, kila upande hulazimika kumfungulia mwenzake nyaraka zake: barua za ndani, taarifa za majaribio, makadirio ya gharama, kumbukumbu za vikao. Mhandisi huapishwa na kuulizwa alichoandika. Mteja dukani haoni hata karatasi moja ya hizo.

Kesi iliyovuta macho zaidi ilisikilizwa Boston mwaka 2010. Mdai alikuwa mfanyakazi wa kuweka sakafu za mbao, na msumeno wenyewe ulikuwa mdogo wa kubebeka wa chapa ya Ryobi, ulionunuliwa kwa chini ya dola 200. Kinga haikuwa imefungwa. Baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua, halikufumbia macho hilo. Lilisema asilimia 35 ya kosa ni la mdai. Hata hivyo likaona usanifu wa mashine ulikuwa na kasoro na likampa fidia ya dola milioni 1.5. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliuthibitisha uamuzi huo. Utetezi mkuu wa kampuni ulikuwa kwamba mdai anataka misumeno yote ya bei nafuu ihesabike haramu kwa kuwa ni ya bei nafuu. Mahakama ya rufaa haikukubali kwamba kesi ilikuwa hivyo. Sheria ya Massachusetts inaagiza kupima mambo mengi kwa pamoja, ukubwa wa hatari, uwezekano wa usanifu mbadala, gharama yake, madhara yake kwa matumizi ya chombo, na kazi hiyo ya kupima iliachiwa baraza la mahakama, kama ilivyopaswa. Tusiikuze hukumu hii kupita kiasi, kwani mabaraza mengine yaliyosikiliza kesi zinazofanana yaliipa kampuni ushindi. Ninachokiona ni kwamba wale raia wa Boston waliweza kushika mawazo mawili kwa wakati mmoja, kwamba mtu alifanya makosa na kwamba mashine iliundwa vibaya. Mjadala wetu mara nyingi huweza moja tu.

Kuna kipande kingine cha picha ambacho wasomaji wengi hawakijui. Wengi wa wanaoshtaki ni waajiriwa, na mtu huuliza: mbona hamshtaki mwajiri aliyempa msumeno bila kinga na bila mafunzo? Jibu ni kwamba kwa kawaida hawezi. Mfumo wa fidia kwa wafanyakazi katika majimbo ya Marekani unamlipa aliyeumia bila kuuliza kosa ni la nani, na kwa upande mwingine unamkinga mwajiri asishtakiwe. Malipo hayo hufuata jedwali, na mara nyingi hayafikii kile ambacho mkono ungezalisha katika miaka 30 ya kazi iliyobaki. Mlango pekee unaobaki wazi ni wa mtengenezaji. Hili linaeleza kwa nini kampuni za zana za umeme huonekana kama ndizo zinazoandamwa, na nakiri lina dosari yake, maana wakati mwingine mwajiri mzembe huondoka salama na bili humfuata aliyetengeneza chombo.

Sasa nije kwenye hoja inayorudiwa kuliko zote na ambayo naiona dhaifu kuliko zote, hoja ya wajibu binafsi. Inasema: msumeno unakata, kila mtu anajua unakata, anayeingiza mkono ajilaumu. Kwanza, inadhani kwamba kuijua hatari kunatosha kuiepuka. Mafundi wazoefu wanajua vizuri sana, na bado wanakatwa, kwa sababu ubao una fundo, umekunjamana ndani, unabana diski na kurushwa, na mkono uliokuwa ukiusukuma unatangulia mbele kabla mwenyewe hajawaza lolote. Pili, hoja hii ikikubaliwa yote ilivyo, hakuna usanifu wowote wa usalama uliowahi kuwa na sababu. Dereva anajua gari likigonga ukuta ataumia, na bado tunadai mikanda na mifuko ya hewa. Tatu, wahandisi wenyewe hawaiamini. Somo la msingi la usalama wa mashine lina ngazi zake: kwanza ondoa hatari, ukishindwa iwekee kizuizi, ukishindwa hapo ndipo utoe onyo. Anayeanzia kwenye onyo na kuishia hapo ameruka ngazi mbili alizofundishwa chuoni. Wajibu wa fundi upo, nami ningeshangaa sana baraza la mahakama lisilouhesabu. Lakini wajibu huo hauli wajibu wa mwingine ukaumaliza.

Hoja iliyo jirani na hiyo ni kwamba wakati ule hakuna kampuni yoyote kubwa iliyokuwa na breki hiyo, hivyo kufuata desturi ya sekta hakuwezi kuwa kosa. Jibu lake ni la zamani. Machi 1928 boti mbili za kuvuta zilikuwa zinakokota matishali ya makaa ya mawe kwenye pwani ya New Jersey. Dhoruba ikaja na matishali yakazama. Utabiri wa dhoruba ulikuwa umetangazwa kwa redio, ila boti hazikuwa na redio zinazofanya kazi, wala hapakuwa na desturi ya kampuni kuziweka. Katika uamuzi wa 1932, Jaji Learned Hand alisema kwamba sekta nzima inaweza kuchelewa kupokea kifaa kipya kilichopo na chenye manufaa, na kwamba kipimo cha uangalifu hakiamuliwi na sekta yenyewe. Kwenye misumeno hoja ya desturi ni nyonge zaidi, kwa sababu kampuni kubwa zilikuwa pamoja kwenye chama chao, Power Tool Institute, na mwaka 2003 ziliunda mradi wa pamoja wa kutafiti kinga ya kuguswa na meno. Huwezi kusema hukujua redio ipo wakati unashiriki kuichunguza.

Hoja nzito za upande wa kampuni ni nyingine, na wanaotetea kesi hizi huzipita haraka mno. Aliyeiomba serikali ilazimishe breki ndiye aliyekuwa na hataza za breki. Ndiye pia aliyesimama kama shahidi mtaalamu kwenye kesi ya Boston. Kila hukumu dhidi ya kampuni kubwa ilimpandishia bei ya leseni yake. Halafu Bosch ilipoleta sokoni mwaka 2016 msumeno wake, REAXX, unaoitumbukiza diski chini kwa nguvu ya gesi bila kuiharibu, SawStop ilienda kwenye Tume ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani, na mwaka 2017 msumeno huo ukazuiwa kuingizwa nchini kwa kukiuka hataza. Mtu anayesema kila mkono unastahili kulindwa, kisha anauzuia msumeno wa mshindani unaoulinda, ameipa kampuni hoja ambayo hakuna wakili ambaye angeibuni vizuri zaidi. Bei nayo si kisingizio. Msumeno wa kubebeka ambao SawStop iliutoa mwaka 2015 uliuzwa kwa takriban dola 1,300, wakati fundi anayeanza alikuwa akinunua wa kawaida kwa mia chache. Mashine za bei nafuu zikipotea, baadhi ya watu hawatanunua iliyo salama. Watafunga msumeno wa mkononi kichwa chini kwenye meza waliyojitengenezea, na hapo hakuna kinga wala breki. Wakosoaji wanauliza kama kesi moja, mbele ya baraza moja, inaweza kuyaona hayo yote. Kwa kweli haiwezi. Inamwona mtu mmoja na mkono wake.

Hapo ndipo ningependa mjadala uhamie. Tatizo la kesi hizi si ulafi wa wadai. Ni kwamba zinatuma ujumbe wenye makengeza. Kampuni inayoweka breki kwenye msumeno wake ghali na kuiacha kwenye ule wa bei nafuu inampa wakili wa mdai ushahidi kwamba usanifu mbadala unawezekana. Kampuni isiyoweka breki popote inaweza kusema haijathibitishwa. Kanuni za ushahidi za mahakama za shirikisho zinazuia marekebisho yaliyofanywa baada ya ajali kutumiwa kuthibitisha kosa, lakini zinaruhusu yatumike kuonyesha kwamba marekebisho yaliwezekana pale mdaiwa anapolipinga hilo. Kwa mtu mwoga kwenye idara ya sheria, njia salama ni kutojaribu. Sheria iliyokusudiwa kusukuma ubunifu mbele inaweza, kwenye sekta yenye kampuni chache zinazotazamana, kuwafanya wote wasimame mahali pamoja.

Dawa ya hilo ni kanuni moja kwa wote, na ndiyo iliyokwama. Tume ilitoa tangazo la awali mwaka 2011, pendekezo kamili mwaka 2017 na nyongeza mwaka 2023. Mapema mwaka 2024 SawStop, ambayo kwa wakati huo ilikuwa mali ya kampuni mama ya Festool, watengenezaji wa zana za umeme wa Ujerumani, iliahidi kuiachia umma mojawapo ya hataza zake muhimu siku kanuni itakapoanza kutumika. Ahadi hiyo iliikata makali hoja ya ukiritimba, ingawa washindani walisema hataza ziko nyingi na moja haitoshi. Nadhani walikuwa na haki ya kutilia shaka, ila tume ilikuwa na uwezo wa kuweka kipimo cha matokeo, kina cha jeraha kinachoruhusiwa mkono unapoikaribia diski kwa kasi fulani, na kumwachia kila mhandisi njia yake. Muda mrefu tangu 2003 hataza za kwanza zilikuwa hai, na sasa za mwanzo zimekwisha muda. Sababu za kusubiri zimepungua wakati uleule ambao nia ya kuweka kanuni imepungua.

Kwa hiyo kampuni zilizoipinga kanuni zimepata zilichoomba, pamoja na gharama yake. Bila kipimo cha kitaifa, hakuna wa kumwambia mtengenezaji kiasi gani cha usalama kinatosha, ila raia walioitwa kwenye chumba cha mahakama Boston, Chicago au kwingineko, kila baraza likianza upya na kila jimbo likiwa na kipimo chake. Na hoja ambayo ilizibeba miaka ya mwanzo, kwamba teknolojia ni changa, kila mwaka inazidi kuwa ngumu kusemwa na shahidi aliyeapishwa. Breki hiyo imekuwa sokoni tangu 2004. Msumeno uliochorwa leo bila breki umechorwa na mtu anayeijua, anayejua takwimu za vitengo vya dharura, na ambaye ameandika mahali fulani kwa nini ameiacha. Karatasi hiyo itaombwa.